Kwetu Hakuna Baya, Muulize Jirani

Vijana, mnapokuja hapa kwangu Somanda na kompyuta zenu mgongoni, mkakaa kwenye benchi langu na kuniuliza, "Bibi, wewe ulisomea wapi usimamizi wa vihatarishi?", mimi hucheka kwanza. Vihatarishi! Neno lenyewe limekuja juzi tu, limechomekea na tai shingoni. Sisi tulisema riski, na mtaani walisema "ile kazi ya Minza ya kutafuta mabaya." Minza ndiye mimi. Nimestaafu, magoti yananisumbua, lakini mdomo mzima, kwa hiyo kaeni niwasimulie. Mwenye haraka, bodaboda zimejaa hapo nje.

Sitaanza mwanzo. Mwanzo unachosha. Nitaanza na robota, kwa sababu wengi wenu mnaomba kazi kwenye majineri na hamjawahi kulikumbatia robota la pamba hata siku moja.

Robota ni pamba iliyokwisha kutolewa mbegu kwenye jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia, ikashindiliwa kwa mashine mpaka ikawa ngumu kama ukuta, ikafungwa kwa waya. Sasa sikilizeni. Cheche moja ikiingia kwenye pamba kabla haijashindiliwa, robota linaungua ndani kwa ndani. Nje jeupe, safi, unaweza kuliegemea ukapigwa picha. Ndani moto unatembea taratibu, unatafuta njia. Ukiliingiza ghalani na wenzake, umekwisha. Aliyenifundisha hilo ni Jilala, msimamizi wa mashine wa jineri yetu, mwanaume mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Aliniambia, "Mayu, robota halitazamwi. Linanuswa." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na Jilala alimwita hivyo kila mwanamke, hata binti wa chekechea. Basi tukawa tunapita asubuhi, kabla jua halijapasha kila kitu joto, tunanusa robota moja baada ya jingine kama mbwa wa polisi. Lenye shaka linalazwa uwanjani peke yake mpaka roho zitulie. Hata leo mkiniwekea kompyuta na pua, nitachagua pua.

Jilala alinifundisha mengi. Na Jilala huyo huyo ndiye nusura aninyime cheti.

Ilikuwaje? Wakati ule Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Unapeleka chama cha msingi, unapima, unasubiri hela mpaka unasahau ulipeleka nini. Halafu likaja soko huria. Lo! Kila mwenye lori na mizani akawa mnunuzi. Wakulima waliozoea kufokewa wakaanza kubembelezwa. Niliona kwa macho yangu mnunuzi mmoja, kijana wa mjini mwenye kiatu cha ngozi, anamshikia mzee wa kijiji cha Sapiwi baiskeli ili asiende kwa mnunuzi wa pili. Mzee akamwambia, "Shika vizuri, mwaka jana nilikuwa naishika mwenyewe."

Lakini soko hilo hilo lililompa mkulima raha lilitutoa sisi wengine jasho. Mume wangu Sitta alikuwa dereva wa ushirika. Akapunguzwa. Alirudi nyumbani na barua na kilo mbili za nyama, akasema, "Leo tule, kesho tufikiri." Alirudi kulima pamba kwao Sapiwi, na mshahara wa nyumba ukabaki wangu peke yangu. Mimi nilikuwa karani wa mizani pale jineri. Na jineri nayo ikapata tajiri mpya, tajiri akaleta mizani mpya ya kupimia lori zima na mzigo wake kwa mara moja. Mnaelewa maana yake kwa karani wa mizani?

Meneja alituita uwanjani. Hakuwa mtu mbaya, ila alizungumza kama anasoma taarifa ya habari. Akasema msimu huu ukiisha makarani wa mizani hawatahitajika tena. Kisha akasema kampuni ya bima imekataa kuikatia bima jineri isiyo na mtu mwenye cheti cha usimamizi wa riski. Kuna chuo Dar kinafundisha kwa posta, mtihani unafanyikia Mwanza. Anayetaka asome. Akifaulu kabla ya msimu mpya, nafasi ni yake. Asipofaulu, ataletwa mtu kutoka Mwanza na habari imekwisha.

Watu wakatazamana. Riski ni nini? Hakuna aliyejua. Mimi pia sikujua, lakini nilikuwa na watoto wanne shuleni na mama mkwe aliyekuja kututembelea wiki moja akakaa moja kwa moja. Nikanyoosha mkono. Jilala akanong'ona nyuma yangu, "Mayu, umenyoosha mkono kabla ya kujua kinachogawiwa." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini mkono sikuushusha.

Vitabu vilikuja kwa treni mpaka Malampaka. Nilikuwa napanda lori la mizigo kwenda kuvichukua stesheni, narudi nimevikumbatia kama mtoto mchanga. Vyote Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea lebo za dawa ya pamba, kwa hiyo kila ukurasa nilikuwa naupalilia kwa kamusi, mstari kwa mstari. Nawaambia hili kwa sababu mnapenda kulalamika kwamba somo ni gumu. Somo lolote ni gumu likiwa limeandikwa na mtu ambaye hakuwa anakufikiria wewe. Unachofanya ni kulileta nyumbani kwako, ulivishe nguo unazozijua.

Na mimi neno nikishalitafsiri, nalisoma kwa sauti, kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi, nisipojisikia sielewi. Basi nikawa nakaa uani nasoma: moto, wizi, mafuriko, kuanguka kwa jengo, kifo cha mwenye mali. Siku ya kwanza mama mkwe alivumilia. Ya pili akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Minza! Unamwita nani?"

"Nasoma, mama."

"Soma mengine. Hayo unayoyaita yana masikio."

Nikamweleza kwamba ni masomo, kwamba kazi inategemea hayo. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kazi ni kazi. Lakini uani kwangu utasoma mavuno." Uani kwake! Sitta akajifanya anakarabati baiskeli. Nikahamia kwenye mabenchi ya nje ya hospitali, kuna kivuli kizuri pale. Nikawa nasoma ajali na vifo kwa sauti mpaka mama mmoja akanisogelea kwa adabu akauliza kama jina la mumewe nimelifikia.

Mazoezi tulikuwa tunayatuma kwa posta, mkufunzi anayasahihisha kwa wino mwekundu. Zoezi moja liliuliza: mtu ana mali yake yote mahali pamoja, afanye nini kupunguza riski? Weee! Hilo swali lilikuwa la kwetu kabisa. Nikajaza kurasa. Nikaandika kwamba ng'ombe wasikae zizi moja, wengine awapeleke kwa shemeji, wengine kwa rafiki Maswa, wengine kwa mjomba wa mbali. Ugonjwa ukiingia huku, kule wamebaki. Wanaowatunza wanakunywa maziwa, mwenyewe analala usingizi. Nilijua nimemaliza kazi. Karatasi ikarudi, wino mwekundu chini: "Vizuri sana. Na shemeji akikataa kuwarudisha?"

Nikamwonyesha Sitta. Akaisoma, akaniuliza, "Huyu mkufunzi anamjua kaka yangu?"

Siku hiyo nilijifunza kwamba kila dawa ya riski inazaa riski yake ndogo, nayo inataka kuangaliwa. Bima yenyewe ni shemeji tu. Soma masharti kabla hujampelekea ng'ombe.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Ili ufaulu, mtihani wa kuandika hautoshi. Ulitakiwa ufanye projekti: uende kazini kwako na vijiji vinavyokuletea pamba, uwaulize watu ni mabaya gani yanaweza kuwapata, uandike ripoti, uitetee mbele ya watahini kwa mdomo. Waliotunga hilo walikuwa watu wa huko huko wanakotunga. Hawakujua kwamba kwetu huendi nyumbani kwa mtu asubuhi ukamuuliza, "Nyumba yako ikiungua itakuwaje?" Kwetu hilo siyo swali, ni kumwombea mtu mabaya.

Nilianza Sapiwi kwa baba mdogo wa Sitta, mfugaji, mtu wa utani mwingi. Nikamwamkia vizuri, "Mwangaluka, baba," akaitikia, akaniletea kigoda. Nikatoa kalamu. Nikamuuliza, "Baba, wezi wakija leo wakawachukua ng'ombe wote, utafanyaje?"

Uso wake ukafunga kama duka. Akamgeukia mkewe akasema, "Mletee mgeni maji ya kunywa, anaondoka."

"Baba, ni masomo tu."

"Tema mate chini."

Nikatema. Akasema nirudie tena, na safari hii nikiangalia upande wa barabara, siyo upande wa zizi. Nikatema upande wa barabara. Maji nikanywea njiani.

Kila nilikokwenda ilikuwa hivyo. Ninauliza, wananijibu, "Kwetu hakuna baya." Wananijibu kwa tabasamu, wananipa michembe, viazi vilivyokaushwa, nitafune, wananisindikiza hadi barabarani ili wahakikishe nimeondoka kweli. Ripoti yangu ikawa na ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe unasema Bariadi ni peponi.

Nikarudi kwa Jilala. Huyu nilimtegemea, si rafiki yangu? Nikamuuliza, "Jilala, moto ukitokea hapa jineri, utaanzia wapi?" Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akatema mate chini, akaondoka, akarudi, akatema tena. Akasema, "Mayu, mimi nakuheshimu. Usiniulize hivyo mashine zikisikia."

Na kesho yake moto ukatokea.

Haki ya Mungu. Mimi nilikuwa Sapiwi, sikuwepo. Niliporudi nikakuta ukuta umepata masizi, hakuna aliyeumia, pamba kidogo imeungua, na watu wote wamefunga midomo. Nauliza ilikuwaje, "Aah, cheche tu." Cheche ya nini? "Cheche." Mliizima na nini? "Iliisha." Lakini nikipita wananipisha njia pana kuliko ya lori. Mama lishe aliyekuwa akinipa uji kila asubuhi, siku hiyo akasema uji umekwisha, wala hakuniangalia usoni. Nikasikia kwa mbali mtu anasema, "Jana kauliza moto, leo moto umekuja. Mdomo wake una nuksi."

Nyinyi mnacheka. Mimi sikucheka. Maneno kama hayo kwetu yakimshika mwanamke hayamwachii upesi. Na Meneja akaniita ofisini, akaniambia kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, "Minza, mtu wa riski asiyeambiwa kitu ni wa nini? Msimu unakwisha. Projekti hiyo ikikwama, namwita mtu wa Mwanza." Nilitoka pale nawaona kichwani watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada, nikamwona Sitta anajifanya anakarabati baiskeli ambayo tumeshaiuza. Yalikuwa yamenifika hapa, shingoni.

Wiki hiyo ilibidi niende Malampaka kuchukua kitabu cha mwisho. Treni imechelewa, kama desturi yake. Nikakaa karibu na mama mmoja muuza mchele, mnene, mchangamfu, anapepeta huku anaongea. Aliponisikia natoka Bariadi akaweka ungo chini kabisa.

"Poleni na moto!"

"Aah, cheche tu," nikasema. Nimeshaambukizwa na mimi.

"Cheche! Nani kakudanganya? Shemeji yangu anafanya kazi pale pale kwenye mashine!" Na akanimwagia yote. Kwamba wakulima siku hizi wanatia mawe na mchanga kwenye pamba ili iwe nzito, na wanunuzi kwa kugombania hawakagui. Kwamba jiwe liliingia mashineni likagonga chuma, cheche zikaruka kwenye vumbi la pamba. Kwamba ndoo za mchanga wa kuzimia moto zilikuwepo, lakini zimefungiwa stoo zisiibwe, na ufunguo anao Meneja, na Meneja siku hiyo yuko Mwanza. "Unajua waliuzima na nini? Na uji! Mama lishe katupa sufuria zima la uji! Watu wa Bariadi!" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Ndiyo maana uji wangu ulikwisha.

Nikacheka naye, kisha nikamuuliza, "Na hapa stesheni kwenu, mama? Hamna hatari?"

Akaokota ungo. "Hapa kwetu hakuna baya."

"Na Maswa mjini?"

Ungo ukarudi chini. "Maswa! Kaa vizuri nikwambie."

Vijana, pale ndipo nilipopata akili ambayo haikuwa kwenye kitabu. Mtu wetu hawezi kuyataja mabaya ya kwake, anaogopa kuyaalika. Lakini ya jirani! Ya jirani anayajua, ameyachambua, ameyapima, na anatamani kuulizwa. Nilitaka kumkumbatia yule mama na mchele wake.

Nikarudi Sapiwi kwa baba mdogo. Kalamu nimeificha. Nikaamkia, nikatulia, nikazungumzia mvua kwanza. Kisha nikasema, "Baba, hivi wale wa ng'ambo ya mto wanaishije?"

"Wale?" Akavuta kigoda karibu. "Wale ni watu? Mwanangu, wale wanaweka pamba ndani ya nyumba moja na jiko! Siku moja utasikia. Na ng'ombe hawachanji, wanasema sindano inakausha maziwa. Zizi lao lango lake limefungwa kwa kamba, mwizi anafungua huku anapiga mluzi." Akaendelea mpaka ugali ukaiva. Na sisi tumekaa tumeegemea magunia ya pamba, na mafiga yako pale, ningeweza kuyagusa kwa mguu. Na kamba ya lango lake naiona kutoka nilipokaa. Nilikula, nikashukuru, nikaandika nilipofika mbali.

Kisha nikaenda ng'ambo ya mto. Wakaniambia ya baba mdogo.

Hiyo ndiyo kazi, na wekeni akilini hili la pili, maana wengi hukosea hapa. Umbea siyo ripoti. Mtu akikwambia jirani hafungi lango, usiende kuandika jirani hafungi lango. Tazama kwanza lango la huyo anayekwambia. Halafu nenda kwa jirani ukatazame lake. Mdomo unakuonyesha mahali pa kuangalia, macho ndiyo yanaandika. Mimi nilizunguka mpaka soli zikaisha, kwa sababu kila kilichosemwa lazima nikakione.

Jilala nilimwacha mwisho. Nikamkuta anapaka mashine grisi. Nikamwambia, "Nasikia jineri ya wenzetu kule mambo hayaendi vizuri."

Akanitazama kwa shaka. Nikatazama mashine ya pembeni, kama sina haja. Akashindwa kuvumilia.

"Wale watapata tabu," akasema. "Pamba haikaguliwi mlangoni. Lori likija linamwaga tu, mawe yanaingia mashineni. Vumbi la pamba hawafagii juu ya mabomba, wanafagia chini tu panapoonekana. Ndoo za mchanga wamezifungia stoo, na ufunguo anao bosi mfukoni. Bosi akisafiri, ufunguo umesafiri."

"Dah. Na wangefanyaje?"

"Waweke wanawake wawili mlangoni wenye macho, wapekue pamba kabla haijaingia. Vumbi la juu lifagiliwe kila zamu. Ufunguo utundikwe kwenye msumari pale mlangoni, kila mtu auone. Ni kazi ya nusu siku, mayu. Wavivu tu."

"Na kwetu, Jilala?"

"Kwetu hakuna baya."

Nikaenda kwa Meneja nikamweleza habari za jineri ya wenzetu. Alisikiliza kwa masikitiko makubwa. Kesho yake ufunguo ukawa kwenye msumari. Na aliyeugongomea ule msumari ni Jilala, kwa fujo nyingi, akisema kwa sauti yake ile, "Tusije tukawa kama wale!" Mama lishe akanirudishia uji wangu, na siku hiyo alinijazia kikombe mpaka kikamwagika.

Nikaenda Mwanza. Mtihani wa kuandika nisiwasumbue nao, niliandika mpaka kidole kikaota sugu. Niliogopa wa mdomo. Unaingia chumbani peke yako, mbele yako watu watatu wamekaa nyuma ya meza, na mkubwa wao alikuwa mzee wa Dar mwenye miwani, mkavu, hajui kutabasamu. Ripoti yangu iko mbele yake. Akaipekua, akarudi nyuma, akaipekua tena.

"Bi Minza," akasema, "naona Sapiwi hakuna hatari yoyote ila ng'ambo ya mto. Ng'ambo ya mto hakuna hatari yoyote ila Sapiwi. Bariadi yote ni salama, mabaya yote yako Malampaka. Malampaka ni salama kabisa, mabaya yote yako Maswa. Hebu tueleze."

Wenzake wakainamisha vichwa, nikajua wanacheka. Nikawaeleza. Nikaeleza habari ya kutema mate, ya moto na uji, ya yule mama wa mchele. Nikawaonyesha kwamba kila ukurasa una pande mbili, upande mmoja yaliyosemwa, upande wa pili niliyoyaona mwenyewe na kwa nani niliyaona. Akanibana. Nimejuaje kwamba mtu hasemi uongo kumchafua jirani? Nikajibu. Wapi nilikuta jambo lililosemwa halipo? Nikamwonyesha, palikuwepo, na niliandika kwamba halipo. Akanibana kwenye hesabu za uwezekano, nikajikaza, nikapenya. Nilianza kupumua.

Kisha akafunga ripoti, akaweka mikono juu yake.

"Sawa. Umetueleza jineri, ghala, vijiji. Na wewe mwenyewe je? Nyumbani kwako, hatari iko wapi?"

Na mimi, bila kufikiri hata chembe, mdomo ukajisemea wenyewe: "Kwangu hakuna baya."

Wale wawili waliangua kicheko, mmoja akaangusha kalamu. Mimi nilitaka sakafu inifunike. Nilimaliza miezi yote ile nikikagua malango ya watu, na la kwangu nimelifunga kwa kamba mbele ya watahini. Nikajiambia, basi Minza, umejifelisha mwenyewe, mtu wa Mwanza apange mizigo yake.

Yule mzee hakucheka. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Haya," akasema. "Una jirani?"

Nikamwangalia. "Ninaye."

"Hebu tupe habari zake."

Nikasema, "Nina jirani yangu mmoja, mwanamke. Mume wake alikuwa dereva, akapunguzwa. Analima, lakini pamba inategemea mvua, na mvua haiandikiani mkataba na mtu. Yeye mwenyewe kazi yake inakwisha msimu huu. Ana watoto wanne wanasoma, ana mama mkwe ambaye yeye anampenda ingawa hajamwambia. Nyumba yote hiyo imelala juu ya karatasi moja tu, na karatasi yenyewe hajapewa bado. Anapenda mzaha, mzee, ukimwona utasema hana shida. Lakini anaogopa. Anaogopa sana."

Sauti ilinikatikia hapo. Yule aliyeangusha kalamu alikuwa hajaiokota.

"Na amechukua hatua gani kupunguza hatari hiyo?" mzee akauliza.

"Amesoma," nikasema. "Hana kingine."

Akaandika kitu. Aliandika polepole, siyo neno moja. Kisha akaniinulia macho, na nadhani lile lilikuwa tabasamu, ingawa kwa mtu mkavu namna ile huwezi kuapa.

"Matokeo hayatolewi hapa, mama. Utaratibu hauturuhusu." Akanyoosha mkono nimpe wa kwaheri. "Ila ukifika Bariadi, huyo jirani yako msalimie sana."

Nilimsalimia, wanangu. Nilianza pale pale mlangoni, machozi yananitoka na kicheko kinanitoka, na sikuacha kumsalimia mpaka Bariadi.